Kushika Imani ya Kikristo Katika Mji Wenye Mambo Mengi

Mkristo anayeishi Mombasa hazungukwi na watu wanaomkana Mungu hadharani. Adhana huuamsha mji kabla ya mapambazuko, vipaza sauti vya makanisa husikika Jumapili kutoka Likoni hadi Kisauni, na vioo vya matatu vimebandikwa maneno ya sala kwa rangi zote. Kwa hiyo mtu akisikia maonyo kuhusu utamaduni usiomjali Mungu, hudhani yanawahusu Wazungu huko kwao. Hilo ni kosa. Malimwengu ya hapa hayaji na hoja, huja na ratiba: zamu ya Jumapili asubuhi, mkeka wa kubeti mechi wa shilingi hamsini, karatasi inayongoja sahihi saa kumi na moja jioni huku dereva wa lori akipiga honi nje. Katika miaka ambayo nimekuwa mzee wa kanisa, nimewaona wawili tu walioiacha imani kwa kushindwa kujibu maswali ya mtu asiyeamini. Wengine wote niliowaona wakipotea hawakuiacha. Waliiahirisha, juma baada ya juma, mpaka ikabaki kuwa jina kwenye cheti cha ubatizo.

Amua mapema ni kipi hutakikubali

Chukua kalamu na karatasi, kisha ufungue sura ya kwanza ya kitabu cha Danieli. Vijana wale wanne walipelekwa Babeli wakiwa mateka, wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, wakapewa hata majina mapya. Danieli akaitwa Belteshaza. Hatusomi popote katika sura hiyo kwamba waligoma kwenda darasani au walikataa kuitikia majina hayo. Walichokataa ni chakula cha mfalme. Walikuwa wamekwisha kupima mambo, wakajua lipi wanaweza kuishi nalo na lipi hawawezi. Waumini wengi wa mjini wamekosa kipimo hicho. Wapo wanaopigania kila kitu, kuanzia muziki wa jirani hadi mavazi ya mfanyakazi mwenzao, na jambo kubwa linapofika huwa wamekwisha kumchosha kila mtu, wao wenyewe wakiwamo. Wapo pia ambao hawajawahi kukataa lolote, nao hujisifu kuwa wapenda amani.

Itazame vilevile namna Danieli alivyokataa. Kwanza aliomba ruhusa kwa mkubwa wake. Alipoona kwamba mkubwa yule anahofia kichwa chake mbele ya mfalme, hakumhubiria, bali alimwendea msimamizi aliyewekwa juu yao na kupendekeza jaribio la siku kumi: wale mboga, wanywe maji, halafu nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Aliifikiria shida ya yule aliyekuwa akimnyima anachotaka. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa, kwa maana tunafahamu kukataa lakini hatufahamu kumwachia mwenzetu mlango wa kutokea.

Basi igawe karatasi yako pande mbili. Upande mmoja andika mambo ambayo hutayafanya hata kama utapoteza kazi, na yawe machache. Mimi nina manne, na la kwanza ni kutia sahihi uongo. Upande wa pili andika yale utakayoyafanya kwa masharti, kama vile kuhudhuria sherehe yenye pombe bila kunywa na kuondoka mapema, au kufanya kazi baadhi ya Jumapili. Usiandike yanayopendeza machoni pa mchungaji. Andika yanayokukabili wewe. Karani wa mizigo wa Kilindini, mhudumu wa hoteli ya Bamburi na mama anayeuza mahamri na mbaazi kando ya barabara hawajaribiwi kwa mambo yaleyale.

Weka maneno tayari mdomoni

Kuamua moyoni hakutoshi, kwa sababu majaribu mengi hudumu sekunde chache tu, na mtu asiye na maneno tayari hujikuta ameitikia kwa haya. Niliwahi kuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini. Asubuhi moja waliletwa samaki, changu na tewa, ndani ya masanduku ya barafu. Nikawapandisha kwenye mizani, ikasoma kilo 62, ilhali hati ya muuzaji ilisema 80. Msimamizi wangu alikuja akasimama nyuma yangu, akasema kwa upole, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Andika 80, ndugu yangu, tutaonana mchana." Nilikuwa nimeiona siku hiyo ikija, na jibu nilikuwa nimelifanyia mazoezi kwa sauti, usiku, peke yangu: "Mzee, mimi nitaandika kilichosoma mizani. Ukipenda kiandikwe kingine, naomba uandike na utie sahihi mwenyewe." Hakunijibu. Barafu ilikuwa ikiyeyuka na maji yakinitiririkia viatuni.

Juma lililofuata nilihamishiwa dobi, zamu ya usiku, nikakaa huko miezi mitano, wala hakuna cheo kilichonijia baadaye. Ninalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa shuhuda nyingi tunazozisikia kanisani huishia kwenye kupandishwa cheo, na kijana anayezisikiliza huondoka akidhani kwamba msimamo ni aina ya uwekezaji.

Jibu zuri huwa fupi, huzungumzia utakachofanya wewe badala ya ubaya wa mwenzako, na halina aya ya Biblia ndani yake, isipokuwa umeulizwa sababu. Ukiulizwa, ndipo Petro anapotutaka tuwe tayari kueleza tumaini letu kwa upole na kwa hofu. Vijana wa kijiweni wakikushawishi mchangie mkeka, waambie, "Mimi sibeti, lakini mechi nitaitazama nanyi." Kisha kaa, uitazame kweli.

Linda saa yako

Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni utafika Kengeleni, mahali palipopata jina lake kutokana na kengele ya Frere Town. Makazi hayo yalianzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kengele ilikuwa ya kuwaonya hatari ilipokaribia. Ilipaswa kulia kabla adui hajafika mlangoni. Saa ya sala hufanya kazi hiyohiyo, nayo haifai kuachwa isubiri nafasi, kwa kuwa mjini nafasi haipatikani.

Tenga dakika kumi na tano za alfajiri kabla ya kuigusa simu. Simu ilale sebuleni ikichajiwa, nawe ununue saa ya kawaida ya kuamshia, kwa sababu anayeamshwa na simu huanza siku kwa kusoma aliyoyasema kila mtu usiku kucha. Tumia Biblia ya karatasi. Ikiwa unavuka feri ya Likoni kila siku, chagua Zaburi moja kwa juma na kuikariri ukiwa kwenye foleni. Mstari mmoja kwa kila mvuko unatosha. Sioni aibu kusema kwamba kwa miaka mingi aliyeniamsha kusali ni muadhini wa msikiti wa mtaani kwetu. Jirani yangu mwenye duka naye huweka kiti mlangoni na kwenda kuswali mara tu adhana inapolia. Wateja humngoja, wala hakuna anayemwita mshamba. Wakristo tunaolalamika kwamba mji hautuachii nafasi ya ibada tungejiuliza kama tumewahi kuiomba.

Kuhusu zamu za Jumapili, ijue sheria kabla ya kulalamika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini haisemi kwamba siku hiyo ni Jumapili. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 32, inalinda uhuru wa dini na inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Hata hivyo, mimi huwashauri watu waanze na mapatano. Tafuta mwenzako Mwislamu, mwambie utamshikia zamu Ijumaa mchana na siku za Idd, naye akushikie Jumapili asubuhi na Krismasi. Mkishakubaliana, nendeni kwa meneja pamoja, mkiwa na ratiba iliyoandikwa. Meneja mwenye ratiba mkononi hana cha kufikiria, na hilo peke yake ni nusu ya ushindi.

Usishike peke yako, wala usimwachie mtu mmoja akushikie

Chagua watu wawili kutoka jumuiya yako au kikundi chako cha ushirika, uwaonyeshe ile karatasi ya pande mbili, na kuwapa ruhusa ya kukuuliza maswali. Mmoja akuzidi umri.

Lakini kuna hatari ya upande wa pili, na sisi watu wa Pwani hatuna kisingizio cha kutoijua. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola huko Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo hatimaye ilizidi 400, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa. Walikuwa watu walioambiwa na mhubiri wao kwamba dunia yote ni ya kukimbiwa. Kwa hiyo mpime anayekufundisha msimamo. Akikukataza hospitali, akiwatoa watoto wako shuleni, akikutenga na ndugu zako au akigeuza kila swali kuwa uasi, ondoka, na umwambie chifu. Danieli alibaki darasani Babeli.

Watoto wako nao wataleta maswali kutoka shuleni na mitandaoni, kuhusu asili ya mwanadamu, kuhusu mateso, kuhusu kwa nini rafiki wa dini nyingine aende motoni. Usiyazime kwa kusema kwamba ni maswali ya shetani. Sema "sijui, tutatafuta pamoja" pale usipojua, kisha mtafute kweli, kwa kuwa mtoto husahau jibu dhaifu lakini hasahau kwamba baba aliogopa swali.

Na ukianguka, maana iko siku utaanguka, mwambie mmoja wa wale wawili kabla juma halijaisha, kabla hujapata muda wa kukitafutia kitendo chako sababu nzuri. Rekebisha kinachorekebishika: fedha zirudishwe, hati isahihishwe, aliyesingiziwa aombwe radhi mbele ya walewale waliosikia. Halafu itoe ile karatasi, uangalie kama jambo lililokuangusha lilikuwa limeandikwa. Kama halikuwamo, liongeze.