Fundi kakuletea hesabu ya sebule, utajuaje kama unapigwa?

Mwaka juzi nilitaka kuweka tailizi sebuleni, nyumba iko Mbagala, sebule ya kawaida tu. Fundi akaja, akazunguka macho juu macho chini, hakutoa hata futi mfukoni, akachana karatasi kwenye kauntabuku akaandika: tailizi boksi 24, sementi mifuko 12, mchanga tripu moja, vifaa vidogo vidogo 180,000, ufundi 400,000. Nikaiangalia ile karatasi kama naangalia majibu ya maabara, yani naona namba ila sielewi naumwa au siumwi.

Hapo ndo wengi tunakosea, tunauliza "hii si ghali sana?" alafu fundi anashusha elfu 50 tunafurahi tumepunguziwa, kumbe hela iko kwenye yale maboksi. Kabla hujabishana bei bishana na vipimo kwanza. Chukua futikamba upime mwenyewe, na upime kabla fundi hajaja, sio baada ya kusikia namba zake, maana ukishasikia 24 akili yako inaanza kuzunguka hapohapo kwenye 24.

Mi nilipima nikapata mita 5 kwa 4, hiyo ni mita za mraba 20. Ongeza asilimia 10 ya zitakazovunjika na kukatwa pembeni, unapata 22. Tailizi za sentimita 60 kwa 60 boksi lina vipande 4, sawa na mita za mraba 1.44 (imeandikwa ubavuni mwa boksi, soma usikariri ya kwangu maana saizi nyingine boksi lake ni tofauti). 22 gawanya kwa 1.44 ni boksi 15 na ushee. Bado skatingi (ule ukanda wa tailizi chini ya ukuta), kuzunguka sebule nzima ni mita 18, na tailizi moja ukiikata inatoa vipande sita vya upana wa sentimita 10 na urefu wa 60, kwa hiyo tailizi 5 zinamaliza kazi, yani boksi moja na tailizi moja. Jumla boksi 17. Yeye kaandika 24! Boksi 7 zinaenda wapi? Zinarudi hadwea jioni, au haziondoki hadwea kabisa, wanagawana. Na hata boksi likiwa sahihi, mwenye duka anaweza kumpa fundi cha juu kwa kumleta mteja, hicho cha juu kimo ndani ya bei uliyotajiwa wewe.

Sasa ufundi. Gawanya kwa mita: 400,000 kwa mita 20 ni 20,000 kwa mita moja. Hapo ndo una kitu cha kulinganisha, ukiita fundi wa pili na wa tatu usiwaulize "sebule yangu shilingi ngapi", waulize mita moja bei gani. Mimi mmoja alisema 8,000, mwingine 7,000, na wa tatu 3,000. Kila kazi ina kipimo chake, mafundi wenyewe wanakijua: kujenga ukuta wanahesabu kwa tofali, umeme kwa pointi, tailizi na plasta kwa mita. Anayekwambia "nipe laki nne tumalizane" huyo ana hesabu yake kichwani ila hataki uione.

Ila na sisi tuwe waungwana, ghali sio lazima iwe wizi. Nilimpigia yule wa kwanza nikamuuliza kwa upole, fundi hii elfu 20 kwa mita imekaaje? Akasema sakafu yako ina mteremko kuelekea mlangoni, inabidi kubomoa na kusawazisha upya. Basi nikaweka ndoo ya maji nikamwaga kidogo katikati, maji yakakaa palepale yametulia kama yamesusa. Mteremko haupo. Lakini ingekuwa upo kweli, au kuna tailizi za zamani za kubandua, au nyumba ni ghorofa ya nne mzigo unapandishwa kwa mabega, bei lazima ipande na ana haki. Muulize sababu alafu nenda kaitazame hiyo sababu kwa macho yako.

Na yule wa 3,000 nilimuacha pia. Bei ikiwa nusu ya wenzake jua kuna mahali atafidia, atapunguza sementi chini tailizi zibaki na uwazi, ukigonga zinalia kama debe, au atachukua advansi ahamie kazi nyingine Kigamboni na simu haipatikani.

Mstari wa "vifaa vidogo vidogo" ndo naupenda kuliko yote. Mwambie auandike mmoja mmoja. Wa kwangu ulipoandikwa ukawa: grauti (ya kuziba mistari kati ya tailizi) kilo 5, misalaba (ya plastiki, ya kuachanisha tailizi) pakiti 2, jiwe la kukatia 1, misumari. Nikaenda hadwea tatu za mtaani, nikaulizia kimoja kimoja kama mtu anayenunua, haikufika hata nusu ya ile 180,000. Sementi nayo mafundi wawili waliofuata kila mmoja kwa wakati wake walisema mifuko 6, sio 12. Wawili wasiojuana wakitaja namba moja, hiyo namba iamini.

Kwa kazi nyingine nitapita haraka. Rangi: lita moja kwenye ukuta ulionyooka inapaka kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yani ukipaka mara moja. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, urefu kwenda juu 3, kuta zote ni mita za mraba 45, toa mlango na madirisha ibaki 40, mikono miwili ni 80, basi lita 8. Ukiambiwa ndoo mbili za lita 20 kwa chumba kimoja muulize anapaka na kwa jirani? Bati: namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba, geji 30 ni nyembamba kuliko 28, kwa hiyo bei mbili za bati usizilinganishe kabla hujajua geji. Nondo za milimita 12, mita moja ina uzito wa gramu 888 hivi, yani ya mita 12 inakaribia kilo 10.7, ukipima ukakuta kilo 8 hiyo sio ya 12 hata kama dukani wameandika hivyo. Umeme: waya wa taa ni milimita za mraba 1.5 na wa soketi ni 2.5, kotesheni ya bei poa mara nyingi imeweka 1.5 kila mahali, na hapo usishangilie kuokoa hela maana utakuja kuunguza nyumba.

Malipo: vifaa nunua mwenyewe, nenda na fundi achague lakini hela itoke mkononi mwako na risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iwe na wewe, kirikuu (kigari cha mizigo) kipakie ukiwepo. Ufundi gawa mara tatu, kidogo cha kuanzia, katikati, na kipande kinene kibaki mpaka umegonga tailizi zote kwa sarafu.

Matumizi ya ndani nayo ni hesabu hiyohiyo. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Bili ikisema uniti 30, hizo ni ndoo 1,500, ndoo 50 kila siku, mnazitumia kweli? Kama hapana funga koki zote usiku, soma mita, soma tena alfajiri, ikiwa imesogea kuna mahali panavuja, huenda ni bomba la chini ya ardhi, usikimbilie kugombana na wasoma mita. LUKU, yani umeme wa kulipia kabla, hivyohivyo, hita ya wati 3,000 ikiwaka saa moja imekula uniti 3. Na ukiona jirani anapata uniti nyingi kwa hela ileile sio lazima umeibiwa, huenda yuko kundi la matumizi madogo lile la wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, au kwako imekatwa kodi ya jengo, soma ujumbe wa tokeni wote mpaka chini, makato yote yameandikwa.

Sebule niliifanya na yule wa 8,000. Boksi 17 zilinunuliwa, 16 zikafunguliwa, moja nikaisukuma uvunguni na mke wangu akalalamika inamkwaza akifagia. Mwezi wa pili mwaka huu fundi bomba kapasua tailizi mbili akitafuta bomba, ikatolewa huko uvunguni na rangi ikalingana.