Tamasha la chakula EPCOT: ulipie onyesho la mapishi au uende zako vibandani?

Tamasha la Kimataifa la Chakula na Mvinyo la EPCOT, bustani ya burudani ya Disney kule Orlando, likikaribia, jamaa huanza kuniuliza swali lile lile: hivi yale maonyesho ya mapishi yana maana, au ni njia nyingine tu ya kutukamua? Mimi ni mpishi wa hoteli hapa Florida. Nimesimama nyuma ya jiko la maonyesho, na nimekaa pia upande wa watazamaji na kionjo changu mkononi. Kama unafuata shibe, usilipe. Kama unafuata mkono wa mpishi, zile mbinu ambazo huwezi kuzipata kwenye karatasi hata ukiisoma mara kumi, huenda hiyo ndiyo pesa utakayoitumia vizuri kuliko zote siku hiyo. Kazi ni kujua mapema kama huo mkono utauona.

Hatua ya 1: Hakikisha onyesho lipo na ni la aina gani

Tamasha hili lilianza 1995. Watu wengi wanaolisifia onyesho la mapishi wanakumbuka enzi za jengo la Wonders of Life, banda lililofungwa 2007 likageuzwa kituo cha tamasha. Unakaa kitini, shefu anapika mbele yako kwa kama dakika 45, unaletewa kionjo na glasi ndogo ya mvinyo. Kabla ya 2020 tiketi yake ilikuwa chini ya dola 20. Mambo hayo yamebadilika, na ratiba hupangwa upya kila mwaka, kwa hiyo usipange safari kwa kumsikiliza shemeji aliyekwenda zamani. Fungua programu ya bustani kwenye simu, tafuta ratiba ya tarehe yako, soma mpaka mwisho.

Kuna aina tatu. Ya kwanza ni ya bure, unakuja na kuondoka upendavyo. Tamasha la Disney California Adventure, bustani nyingine ya Disney, linalofanyika majira ya kuchipua kule Anaheim, California, limekuwa na maonyesho ya namna hiyo. Ya pili ni ya tiketi, ina viti na kionjo. Ya tatu ni mlo kamili na shefu au darasa la kupika mwenyewe, na bei yake ni ya kujipanga kama unavyojipangia harusi. Mwongozo huu unahusu zaidi ile ya pili, maana ndiyo inayowachanganya watu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa pamoja na tiketi

Kiingilio cha mtu mzima kinazidi dola 100 kwa siku, na kinapanda kulingana na tarehe. Tuseme umelipa 150 na bustani iko wazi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku. Hizo ni saa 12, kila saa inakugharimu dola 12 na nusu. Onyesho la dakika 45 halichukui dakika 45: utatangulia kufika ili upate kiti, na utatembea. Njia inayozunguka ziwa la World Showcase, sehemu ya EPCOT yenye mabanda ya nchi 11, ina urefu wa karibu kilomita 2. Weka saa moja na nusu. Maana yake, kabla hujanunua tiketi ya onyesho, umeshatumia karibu dola 19 za muda. Hata lile la bure lina bei hiyo.

Mwenye pasi ya mwaka anayeishi hapa Orlando anaweza kuisahau hesabu hii, kwa sababu atarudi wiki ijayo. Shangazi aliyetoka Tanga kwa ziara ya siku moja, mwache azunguke azione hizo nchi zote na apige picha zake.

Angalia na saa yenyewe. World Showcase kwa kawaida hufunguliwa saa 5 asubuhi, na kwa muda mfupi baada ya hapo foleni za vibanda vya chakula huwa fupi. Usizitumie dakika hizo kukaa kitini. Onyesho zuri ni la kati ya saa 8 na saa 10 alasiri, jua likiwa utosini au mvua ya radi ya Florida ikikaribia. Kama liko ndani, penye kiyoyozi, na umeongozana na mama mwenye magoti yanayouma, kile kiti peke yake kinalipa sehemu ya tiketi.

Hatua ya 3: Soma jina la chakula kabla ya jina la shefu

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza ujue kionjo kinatoka wapi. Kikaango kimoja jukwaani hakiwezi kulisha watu mia. Kuna jiko la nyuma ambako chakula kile kile kimepikwa kwa wingi, kikagawanywa kwenye visahani na kuwekwa kwenye kabati la moto. Kanuni za chakula za Marekani zinataka chakula cha moto kisishuke chini ya nyuzi 135 za Fahrenheit, yaani 57 za Selsiasi, kwa hiyo kinakaa humo kikijipika taratibu mpaka zamu yake ifike. Mchuzi mzito wa nyama hauumii. Samaki anakauka. Chochote cha kukaanga kinalegea, na ule mlio wa kutafuna unabaki jukwaani kwa shefu. Ukionja ukasikitika, usimlaumu aliyepika mbele yako. Ulichokula si alichopika yeye.

Basi nunua tiketi kwa kile utakachokiona. Jiulize: nikitoka hapa nitaweza kufanya nini ambacho jana sikukiweza? Kama jibu ni "kupanga saladi" au "kukunja mkate wa mahindi wenye nyama", funga ukurasa. Vya kulipia ni vile ambavyo mkono ndio unaofundisha: kutoa samaki mifupa bila kuacha nyama, kukanda unga laini unaonata bila kuongeza unga mwingine, kuchoma sukari hadi rangi ya kahawia na kuizuia isipite, kupoza chokoleti iliyoyeyuka mpaka ing'ae, kuunga sosi ya siagi.

Chukua hiyo ya siagi. Shefu anachemsha mvinyo mweupe na siki pamoja na vitunguu vidogo vilivyokatwa laini, mpaka vibaki vijiko viwili hivi vya maji. Anapunguza moto. Kisha anatia siagi baridi, kipande kimoja kimoja, huku akizungusha kikaango kwa mkono wa kushoto bila kusimama. Usiangalie kijiko, angalia ule mkono wa kushoto. Utaona unainua kikaango juu ya moto kila sosi inapoanza kufuka sana, kisha unakirudisha. Akizubaa ikachemka, mafuta yanajitenga na kuelea juu. Mpishi wa Pwani anaujua mchezo huu bila kuambiwa: ni tui lile lile ambalo ukiliacha lichemke bila kukoroga linakatika. Lakini ni moto kiasi gani, na uinue baada ya sekunde ngapi, hayo karatasi huandika "moto mdogo" tu, basi. Dakika tano za kutazama zinakumalizia kazi ya wiki nzima ya kuharibu siagi.

Kuhusu majina makubwa: shefu wa televisheni ni mchangamfu na utacheka, ila mara nyingi nusu ya muda ni hadithi na kitabu kipya. Nikipewa nafasi ya kuchagua, namchukua mpishi wa keki wa bustani yenyewe, mtu ambaye hakuna anayemjua. Hao hawana hadithi. Wanafanya kazi, na kazi yao yote iko vidoleni. Kama wewe lengo lako ni kumwona mtu unayempenda kwenye runinga, hiyo ni burudani halali kabisa. Ilipie kama tiketi ya muziki, na usidai somo.

Hatua ya 4: Utaona nini kutoka kitini?

Jiko la maonyesho linalofaa lina kioo kilichoinamishwa juu ya meza, au kamera inayoonyesha sufuria kwenye skrini. Bila kimojawapo, kuanzia mstari wa nne utasikiliza redio. Tafuta picha za jukwaa la mwaka huu kabla ya kulipa. La bure, pita tu hapo dakika mbili uone mwenyewe.

Hatua ya 5: Pombe, nguruwe na maswali mengine ya kuuliza kabla ya kulipa

Wengi wetu hili ndilo linaloamua. Mvinyo wa glasi ni rahisi: hulazimiki kuunywa, aliye chini ya miaka 21 hapewi kabisa, na unaweza kuomba kinywaji kingine. Bei kwa kawaida haishuki, kwa hiyo kama hunywi, iondoe ile glasi kwenye thamani ya unachonunua.

Mvinyo ulio ndani ya sosi ndio wa kuangalia. Usidanganywe kwamba "unaisha wote ukichemka", unapungua, hauishi. Jelatini ya vitamutamu mara nyingi hutokana na nguruwe. Vipande vidogo vya nyama ya nguruwe hunyunyiziwa juu ya vyakula ambavyo jina lake halisemi chochote, hata supu ya viazi. Na nyama yoyote usiihesabu kuwa halali mpaka uambiwe hivyo. Uliza siku ya kununua tiketi, si wakati sahani inapita. Jiko la nyuma likijua mapema linaweza kukutengea kionjo kisicho na nyama. Likijua dakika ya mwisho litakupa mkate. Wenye mzio wa karanga, maziwa au kamba na kaa wafuate utaratibu huo huo.

Hatua ya 6: Linganisha na vibanda

Sahani ndogo ya kibandani huwa kati ya dola 5 na 10 hivi. Tuseme tiketi ni dola 20: hizo ni sawa na sahani mbili hadi nne za nchi tofauti, zikiwa moto, zimetoka jikoni muda huo. Kwa tumbo, vibanda vinashinda bila ubishi.

Ila msichangamkie sana vya kwetu. Miaka ya karibuni kumekuwa na kibanda cha Kenya kilichouza githeri ya maharage meupe na mbaazi, pamoja na saladi ya kinoa. Ni kitamu, na Wamarekani wanakisifu, lakini hukuvuka bahari kuja kununua githeri kwa dola. (Duka la pale karibu, Mdundo Kibanda, pigeni picha ya kibao muwatumie nyumbani wacheke.) Kanuni hiyo hiyo itumie kwenye maonyesho: chagua chakula ambacho nyumbani kwenu hakuna wa kukufundisha.

Hatua ya 7: Ukishalipa, fanya hivi

Acha kurekodi video nzima. Rekodi pale mkono unapofanya kazi, mengine tazama kwa macho. Maswali yakiruhusiwa, usiulize "kiasi gani", kwa sababu kipimo kipo kwenye karatasi, uliza "unajuaje kwamba imeiva?" au "ikiharibika unaiokoaje?" Mashefu huchangamka wakiulizwa hivyo, na majibu yake hayaandikwi popote.

Kisha chukua karatasi ya mapishi na ubadilishe vipimo usiku huo huo, kabla hujamtumia mtu picha. Kikombe cha Kimarekani ni kama mililita 240. Kipande kimoja cha siagi, wanachokiita "stick", ni gramu 113. Oveni ya 350 ni Fahrenheit. Kwa Selsiasi weka kati ya 175 na 180, na umwambie shangazi hivyo kwa herufi kubwa, maana oveni yake haifiki 350 na atadhani imeharibika. Chumvi nayo: wapishi wa huku hupima kwa chumvi ya chenga kubwa, ambayo kijiko chake kina chumvi kidogo kuliko kijiko cha ile laini ya mezani. Kwa chumvi laini anza na nusu ya kilichoandikwa, onja, ndipo uongeze.