Pesa ya mkupuo imekuingia ukiwa kwenye DRO: nini kifanyike, na kipi kitangulie

Somo hili ni la walioko England na Wales ambao madeni yao yamo ndani ya Debt Relief Order, yaani amri ya kusamehewa madeni, hii DRO tunayoitaja kila siku. Aliyeko Scotland asilitumie, kule sheria ni nyingine kabisa.

Mnajua masharti ya kuingia. Tangu tarehe 28 Juni 2024 madeni yasizidi pauni 50,000, mali isizidi pauni 2,000, gari lisizidi thamani ya pauni 4,000, na kinachobaki mkononi kila mwezi baada ya matumizi ya lazima kisizidi pauni 75. Ukishakubaliwa, kwa miezi 12 wadai walioorodheshwa hawana ruhusa ya kukufuatilia, na miezi hiyo ikiisha deni linafutwa. Wasichokijua wengi ni kwamba masharti yale hayabaki mlangoni. Yanaendelea kukupima miezi yote 12. Ndipo anapotokea mtu ambaye maombi yake ya PIP (posho ya serikali kwa wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu) yalikwama muda mrefu, siku moja anafungua simu na kukuta malimbikizo yote yameingia kwa pamoja. Badala ya kufurahi anaogopa, na kwa kuogopa ananyamaza.

Naomba mnielewe hapa kabla ya hatua yoyote: kupata pesa si kosa. Kosa ni kuificha. Anayetoa taarifa mapema huwa na njia kadhaa mbele yake, hata pesa ikiwa nyingi. Anayenyamaza anaweza kufutiwa DRO, kushtakiwa, na kuwekewa vikwazo vya kati ya miaka 2 na 15. Kuomba DRO nyingine itabidi asubiri miaka 6 tangu ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza: usiiguse. Usinunue, usitume nyumbani, usimlipe mtu. Kodi ya nyumba, umeme na chakula endelea kulipia kutoka kipato chako cha kawaida. Kama pesa bado haijaingia ila umeambiwa inakuja, hakikisha inaelekezwa kwenye akaunti ya benki usiyodaiwa nayo, maana benki unayodaiwa nayo inaweza kuikamata kufidia deni lake.

Hatua ya pili: jua imetoka wapi na ilikuwa haki yako tangu lini. Tafuta karatasi: barua ya DWP (wizara inayolipa posho), hati ya mshahara inayoonyesha malimbikizo, barua ya wakili wa mirathi, chochote. Usitazame tarehe ya kuingia benki peke yake. Ukiwa umeambiwa mwezi wa tatu kwamba una fungu lako kwenye mirathi, taarifa inatakiwa mwezi wa tatu, hata kama pesa yenyewe itachukua mwaka mzima kufika.

Hatua ya tatu: piga hesabu. Mpaka wa pauni 2,000 unahusu mali yako kwa jumla, haupimi hiyo pesa mpya peke yake. Chukua mfano wa malimbikizo ya pauni 1,640 na akiba ya pauni 210 iliyokuwa benki. Jumla ni 1,850, uko ndani ya mpaka. Ukiwa na pauni 400 benki, malimbikizo yale yale yanakuvusha. Vyombo vya kawaida vya nyumbani usivihesabu. Gari lina mpaka wake. Na hata ukiwa chini ya mpaka, taarifa bado unatoa. Kuamua kama inahusika au haihusiki si kazi yako.

Hatua ya nne: andika kwa Insolvency Service, ofisi ya serikali inayoshughulikia ufilisi na DRO. Hapa ndipo watu wanakwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. DRO yako inasimamiwa na Official Receiver, afisa wa ofisi hiyo, na barua uliyopewa siku ya kukubaliwa ina namba yako ya kumbukumbu pamoja na mahali pa kuandika. Utaandika kwa Kiingereza, lakini mpangilio wa maneno uwe hivi:

“Jina langu ni fulani, namba yangu ya DRO ni hii. Tarehe fulani nimepokea (au nimejulishwa kwamba nitapokea) kiasi hiki kutoka mahali fulani. Ni malipo ya jambo hili, ya kipindi hiki mpaka hiki. Kabla ya hapo nilikuwa na kiasi hiki benki. Sijatumia chochote (au nimetumia kiasi hiki kwa jambo hili, risiti nimeambatanisha). Mahitaji ya lazima niliyo nayo sasa ni haya. Naomba mwongozo wenu kabla sijaitumia.”

Basi. Usiandike hadithi ndefu ya maisha, na usiombe msamaha, hujakosa. Hiyo sentensi ya mahitaji usiiruke. Kama jiko limekufa, au mtoto hana kitanda, au kiti cha magurudumu kinahitaji matengenezo, sema na uweke bei. Afisa anapima hali yako nzima, na asichoambiwa hawezi kukipima. Ukipiga simu pia ni sawa, lakini simu isichukue nafasi ya maandishi. Tunza nakala.

Jambo linalowaponza wengi: kuiarifu DWP hakumaanishi umeiarifu Insolvency Service. Ni ofisi mbili, na kila moja ina sheria zake. Malimbikizo ya posho, kwa mfano, kwenye Universal Credit (posho ya wenye kipato kidogo, inayolipwa na DWP) kwa kawaida hayahesabiwi kama akiba kwa miezi 12. Msamaha huo ni wa Universal Credit. Usiubebe kwenda nao kwenye DRO.

Hatua ya tano: mpigie mshauri aliyekujazia maombi. Ushauri wa mashirika ya Citizens Advice, StepChange na National Debtline ni bure, usimlipe mtu anayejiita wakala.

Hatua ya sita: subiri jibu. Afisa anaweza kuiacha DRO iendelee kama ilivyo. Anaweza pia kuona kwamba sasa huna sifa na kuifuta, lakini kabla ya hapo utapewa nafasi ya kujieleza. Akiamua kuifuta, sheria inamruhusu kusogeza tarehe ya kufutwa hadi miezi mitatu mbele. Muda huo ni wa thamani sana: unautumia na mshauri wako kuzungumza na wadai wote, ukiwa na pesa mkononi. Mdai ambaye hakutarajia kitu anaweza kupokea sehemu na kusamehe iliyobaki. Makubaliano yoyote yawe kwa maandishi kabla hujatoa hata pauni moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kwenye mchezo wa watu kumi, kila mwezi tunatoa pauni 300. Zamu yangu ni mwezi ujao, nitapokea 3,000. Hii nayo ni pesa ya mkupuo? Si ni pesa zangu mwenyewe?

Jibu: Marahaba dada. Ndiyo, inahesabika, na kuwa zako mwenyewe ndiko kunakoifanya ihesabike. Ulichokwisha kuchangia ni akiba yako hata kama kiko mikononi mwa wenzako, na kilipaswa kuonekana kwenye maombi. Kama zamu yako ni ya mwanzo, sehemu kubwa ya hiyo 3,000 ni ya wenzako na utairudisha kwa michango ijayo. Hilo ni deni jipya ambalo DRO hailigusi. Kumbuka pia kwamba ukiwa kwenye DRO, kukopa pauni 500 au zaidi bila kumwambia anayekukopesha kuhusu DRO yako ni kosa la jinai. Lakini kinachonipa wasiwasi zaidi ni ule mchango. Afisa atauliza: mtu ambaye hesabu zake zilionyesha habakiwi na zaidi ya pauni 75 kwa mwezi, hizo 300 anazitoa wapi? Huenda jibu lipo, labda ndugu anakuchangia, labda unajinyima chakula. Liwe tayari. Mpigie mshauri kabla ya zamu, peleka orodha ya zamu na viwango, majina ya wenzako si lazima kwa kuanzia. Kuomba kusogezwa zamu ili upokee baada ya DRO hakusaidii, akiba ni ile ile.

Swali: Mama alifariki nyumbani mwaka huu. Ndugu wanauza kiwanja, wameniambia fungu langu litakuja mwakani. Pesa iko nje ya Uingereza, inawahusu?

Jibu: Pole sana kaka, Mungu ampumzishe mama. Inawahusu. Mali popote ilipo duniani ni mali yako. Toa taarifa sasa, kwa kiasi unachokijua: kuna kiwanja, warithi ni wangapi, thamani bado haijajulikana. Usiwaambie ndugu waandike fungu lako kwa jina la mtu mwingine. Wengi hulifanya kwa nia njema, lakini huko ni kuficha mali, na unamwingiza ndugu yako kwenye kesi isiyomhusu.

Swali: Dada yangu ndiye aliyenikopesha nilipokosa kodi. Nikipata hizi pesa siwezi kumpa yeye kwanza? Naona aibu.

Jibu: Aibu hiyo ni ya haki, lakini usimtangulize. Kama dada aliorodheshwa, yuko sawa na wadai wengine, na kumlipa yeye peke yake kutaulizwa. Mwambie ukweli wa hali ilivyo. DRO yako ikikamilika bila tatizo, hakuna sheria inayokukataza kumtunza dada yako kwa hiari kutoka kipato chako.

Swali: Nimebakiza wiki tatu. Mwajiri anataka kunilipa malimbikizo ya mshahara. Nimwombe asubiri mwezi upite?

Jibu: Usimwombe. Haki ya pesa hiyo imezaliwa ndani ya muda, na ujumbe wako kwa mwajiri utakuwa ushahidi kwamba ulijua. Toa taarifa leo.

Swali: Mimi nilishazitumia zote, karibu 2,600. Nilinunua friji, nikalipa nauli ya msiba, zilizobaki sijui zilikokwenda. Sasa?

Jibu: Sasa kaa chini na taarifa za benki, andika kila kilichotoka, kisha fanya hatua ya nne jioni hii hii. Friji na msiba vinaelezeka. Hizo usizozijua, andika hivyo hivyo kwamba hukumbuki, usibuni matumizi. Mpigie na mshauri wako kesho asubuhi, umsomee ulichoandika.