Chupa za maji, ghala la maharage

Chupa za maji za lita moja na nusu msizitupe jamani! Osha, kausha mpaka ndani pasibaki hata tone. Kata mdomo wa chupa moja uwe faneli, mimina maharage au choroko. Gongagonga kitako punje zishuke, ongeza hadi shingoni, kaza kifuniko. Hewa ikiwa finyu namna hiyo, wadudu wanaobungua hawastawi. Ila nafaka iwe kavu kweli, unyevu huleta ukungu. Zipange kwenye boksi chini ya meza, kilichobaki unakiona bila kufungua. Makopo ya maziwa ya unga yanafaa iliki na majani ya chai. Chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa au dawa, usiiguse kwa chakula, hata uisugue vipi.