Ubao wa zana usigusane na bati

Kama karakana yako ya nyumbani ni kibanda cha mabati kama changu, tena uko Pwani, ubao wa kutundikia zana usiupigilie moja kwa moja ukutani. Tanguliza fito mbili za mbao zenye unene wa inchi moja, ndipo plaiwudi ije juu yake, hewa ipite nyuma. Usiku bati likipoa hutoa jasho, na kwa hewa hii ya chumvi patasi hazichelewi kushika kutu. Patasi yangu ya nusu inchi ililiwa na kutu upande mmoja tu, ule uliokuwa ukigusa bati.

Ukimaliza kazi, futa kwanza vumbi la mbao kwenye zana, maana linanyonya unyevu, kisha pitisha kitambaa chenye oili ya cherehani. Tone moja latosha. Ikizidi, kesho utaikuta kwenye mbao unayotaka kupiga vanishi. Randa ilaze ubavu juu ya kipande cha mbao, si kwenye sakafu ya saruji.

Halafu chora umbo la kila zana kwa kalamu nene. Jirani akiazima msumeno, pengo litakukodolea macho mpaka msumeno urudi.