Somo: Kutunza CX-5 ya dizeli, kuanzia stiki ya oili hadi giaboksi

Wakuu, habari za leo.

Nimeandika somo hili kwa sababu nimechoka kuona watu wananunua Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japan, ile ya injini 2.2, wanaifurahia miezi minane, halafu wanaanza kutafuta wa kumuuzia. Gari lina nguvu, mafuta linakunywa kidogo, lakini taa zimewaka na kila fundi anasema lake. La kwangu niko nalo mwaka wa sita hapa Dar, linaelekea kilomita 190,000, na turbo na giaboksi ni zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Nitawapa utaratibu wangu wote. Ila ukishika jambo moja tu, shika hili: kwenye dizeli ya kisasa kiwango cha oili kinaweza kupanda, na kupanda ni kubaya kuliko kushuka.

Kwanza ujue masizi yanakwenda wapi

Dizeli za zamani zilitoa moshi mweusi nje, basi, yameisha. Hii ina chujio kwenye egzosi, linaitwa DPF, linanasa masizi. Chujio likikaribia kujaa, kompyuta inaamuru nozeli zimwage dizeli ya ziada pistoni ikiwa inashuka. Dizeli hiyo inakwenda kuwaka huko kwenye egzosi, joto linafika nyuzi kama 600, masizi yanaungua. Sasa tatizo ni hili: sehemu ya dizeli hiyo inagusa ukuta wa silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, inachanganyika na oili. Ukizima gari kabla kazi haijaisha, safari ijayo linaanza tena, na dizeli nyingine inateremka.

Niliyajua haya kwa gharama. Mwaka wa kwanza nilikuwa naenda Sinza hadi Posta na kurudi, foleni tupu, kwa miezi mitano. Desemba nikajiandaa kwenda Moshi na familia. Usiku wa kuamkia safari nikavuta stiki, kile kijiti cha kupimia oili. Stiki ya injini hii ina alama ya L (chini), ya F (imejaa), na juu ya F kuna alama ya X (imezidi). Oili ilikuwa imepita X. Nikachukua tone kati ya vidole viwili, jepesi kabisa, halina uzito, na linanuka kama mkono wa mtu aliyetoka kujaza jenereta. Asubuhi tulipoimwaga kwenye dumu lenye vipimo zikatoka lita sita na ushee, na mimi nilikuwa nimeweka tano. Ningepanda na watoto hadi Moshi kwa oili ile, beringi za turbo zingekuwa zinalainishwa na dizeli.

Hatua ya 1: Stiki, kila Jumamosi asubuhi

Egesha mahali tambarare. Kama umetoka kuliendesha, zima na usubiri angalau dakika tano oili ishuke. Vuta, futa, rudisha, vuta tena. Angalia kiwango, halafu nusa. Andika kwenye daftari au kwenye simu. Kikiwa kinapanda wiki hadi wiki, usingoje kilomita zitimie, badilisha oili. Kikifika X, gari lisitoke hapo bila kumwagwa. Oili ikizidi sana injini inaweza kuinyonya kupitia njia ya hewa, ikapanda mizunguko yenyewe bila wewe kukanyaga. Likikutokea hilo, injini huwa haina marejeo.

Hatua ya 2: Oili yenyewe

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Masizi huungua, majivu hayaungui. Majivu yanatokana na viungo vya madini vilivyomo ndani ya oili, na yakishaingia kwenye DPF hayatoki kwa kuendesha. Kwa hiyo oili yako lazima iwe ya majivu machache. Kwa injini hii tafuta 0W-30 yenye alama ya JASO DL-1, au 5W-30 yenye alama ya ACEA C3. C3 haizidi asilimia 0.8 ya majivu, DL-1 haizidi 0.6. Ile 15W-40 ya dumu kubwa inayomiminwa kwenye malori ni oili nzuri kwa lori, lakini nyingi huzidi asilimia 1. Soma nyuma ya dumu mwenyewe, usiridhike na neno “ya dizeli” lililoandikwa mbele.

Japan kitabu cha gari kinaruhusu kilomita 10,000 kwa matumizi ya kawaida na 5,000 kwa matumizi magumu. Foleni ya Dar na vumbi letu ni matumizi magumu. Mimi ni 5,000 au miezi sita, kimoja kikitangulia.

Namna ya kubadilisha: injini iwe ya vuguvugu. Fungua kifuniko cha juu kwanza ndipo ufungue nati ya sampu, uiache idondoke hadi tone la mwisho, usiwe na haraka. Weka washa mpya (ile ringi ya kuzuia kuvuja) kwenye nati. Badilisha filta kila mara, na uipake oili kidogo kwenye mpira wake kabla ya kuikaza. Injini inachukua kama lita 5.1 pamoja na filta, lakini usimimine zote. Weka lita nne na nusu, washa dakika moja, zima, subiri, soma stiki, kisha ongeza kidogo kidogo. Mimi naishia chini kidogo ya F, ili dizeli ikiteremka iwe na pa kwenda.

Halafu lipo jambo ambalo mafundi wengi hawalifanyi: gari hili lina hesabu yake ya uchafu wa oili ndani ya kompyuta. Ukibadilisha oili lazima hesabu hiyo irudishwe sifuri. Usipofanya hivyo, kompyuta inaamini oili ya zamani bado imo, na itakuwashia taa ya onyo wakati oili ni mpya.

Usitupe filta kabla hujaikata. Ipasue kwa msumeno, kunjua karatasi yake, ipitishe chini ya mwanga wa tochi. Weusi wa kawaida usikutishe, dizeli huchafua oili siku ile ile. Unachotafuta ni chembe ngumu za kaboni, kama mkaa uliosagwa vibaya. Ukiziona, mshuku wa kwanza ni washa za shaba zilizo chini ya nozeli. Washa hizo zikilegea, moto wa silinda unapenya juu, unapika kaboni, na kaboni inaangukia kwenye oili hadi inaziba chujio la waya linalovuta oili kwenye sampu. Turbo inakosa oili, mnyororo wa taimingi nao unakosa. Mtu anabadilisha turbo, baada ya mwezi ya pili nayo inakufa, hakuna aliyefungua sampu. Mimi nilibadilisha washa hizo gari lilipokaribia kilomita 120,000 bila kungoja dalili, na sampu tukaishusha siku hiyo hiyo tukaosha chujio.

Hatua ya 3: Dizeli na chujio lake

Pampu ya injini hii inasukuma dizeli kwa mgandamizo unaofika bari 2,000, na kinacholainisha pampu hiyo ni dizeli yenyewe. Wale wanaokumbuka enzi za uchakachuaji, kabla serikali haijapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, wanajua watu walivyokuwa wanachanganya. Mafuta ya taa hayalainishi. Chagua sheli yenye magari mengi, udumu nayo, na usijaze unapokuta lori la mafuta linashusha, maana uchafu wa chini ya tangi umetibuliwa.

Chujio la dizeli nabadilisha kila kilomita 20,000. Taa ya maji ikiwaka, simama ukayatoe, siyo kesho. Na ukishaweka chujio jipya, vuta dizeli kwanza mpaka hewa itoke, usipige starta mfululizo na pampu ikiwa kavu.

Hatua ya 4: Liache lichome masizi

Utajua linachoma: saileni (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda kidogo, i-stop, ule mfumo unaozima injini wenyewe ukisimama, inakataa kuizima kwenye taa, matumizi ya papo hapo yanaongezeka, na ukishuka unasikia harufu ya joto. Ukiona hivyo usizime. Zunguka dakika 15 au 20 barabara yenye mwendo. Mara moja kwa wiki mimi naenda nalo hadi Kibaha na kurudi, mwendo wa kawaida tu.

Pima pia umbali kati ya kuchoma na kuchoma. Kilomita 200 hivi, uko salama. Ikishuka hadi 60 au 70, chujio linakuambia injini inatoa masizi kupita kiasi: angalia EGR (vali inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini), njia ya hewa iliyojaa kaboni, nozeli, sensa. Kuosha DPF bila kutafuta chanzo ni kufuta maji sakafuni bomba likiwa wazi.

Hatua ya 5: Hewa na rejeta

Chujio la hewa kila kilomita 10,000, na kama unakaa barabara ya vumbi litazame kila mwezi. Rejeta inatumia kulanti ya FL22. Usiongeze maji ya bomba. Basi.

Hatua ya 6: Giaboksi

Kuna watu wanaambiwa oili ya giaboksi hii ni ya maisha. Ya maisha ya nani? Ndani ya tokonveta, kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi, kuna klachi inayofunga karibu muda wote gari likishaondoka, ndiyo maana gari hili linaitika kama la manyuo. Klachi hiyo inasagika taratibu na unga wake unaingia kwenye oili. Mimi nabadilisha kila kilomita 50,000.

Oili yake ni ATF FZ, na rangi yake ni ya bluu. Ikitoka bluu iliyofifia ni sawa. Ikitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua, umechelewa lakini bado unaweza kuokoa. Usikubali kuwekewa ile nyekundu ya magari yote.

Giaboksi nzima inachukua karibu lita 8, ila ukifungua nati inatoka chini ya nusu, nyingine imebaki kwenye tokonveta. Pima kilichotoka, rudisha kiasi kile kile. Endesha siku kadhaa, rudia. Mara tatu zinatosha. Mara ya kwanza shusha sampu yake, futa sumaku, badilisha chujio. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida, vipande vinavyokwaruza kidole siyo kawaida. Kiwango kinapimwa oili ikiwa na joto la nyuzi karibu 50, injini ikiwaka, na joto hilo linasomwa kwa mashine ya kupima gari. Fundi asiye na mashine hiyo anakisia.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mwanza: Mkuu, fundi ananiambia tuondoe DPF kabisa, gari litakuwa jepesi na halitasumbua tena. Unashaurije?

Jibu: Usiondoe, mkuu. Chujio limejaa kwa sababu, na sababu hiyo inabaki ndani ya injini ukishalikata. Nozeli inayovuja itaendelea kuvuja, tofauti ni kwamba sasa hutaona dalili hadi pistoni itoboke. Na moshi ule wanauvuta watoto walioko nyuma yako kwenye foleni. Mwambie akupimie kwanza mgandamizo wa kabla na baada ya chujio, na marekebisho ya kila nozeli.

Swali, kutoka Iringa: Nimeshawekewa 15W-40 ya lori, nimetembea kilomita 900. Nimeua chujio?

Jibu: Hapana, hujaliua. Majivu hujikusanya polepole. Imwage wiki hii pamoja na filta, weka C3 au DL-1, usahau. Ukitoka huko kushuka Kitonga tumia gia za mkono badala ya kukalia breki, giaboksi na breki zote zitakushukuru.

Swali, kutoka Dodoma: Gari langu lina kilomita 140,000 na oili ya giaboksi haijawahi kuguswa. Nasikia nikibadilisha sasa itaanza kuteleza. Ni kweli?

Jibu: Giaboksi inayoteleza baada ya servisi mara nyingi ilikuwa imeshaisha, au imewekwa oili siyo yake, au kiwango kimekosewa. Kabla ya yote iendeshe ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, usikilize gia ya pili kwenda ya tatu. Kama inaingia vizuri, badilisha kwa kumwaga na kujaza, nusu nusu kama nilivyoeleza. Usikubali mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye giaboksi ya umri huo. Kama tayari inateleza, oili mpya haitaifufua, weka hela ya kuifungua.

Swali, kutoka Nairobi: Boss, nina Prado ya 2.8 kutoka Japan. Haya yote yananihusu? Na AdBlue je?

Jibu: Oili ya majivu machache, stiki na kuchoma masizi, vyote vinakuhusu. AdBlue, yaani kile kimiminika cha urea kinachosafisha moshi wa egzosi, ni yako wewe, CX-5 hii haina. Usiruhusu tangi lake liishe, gari litakataa kuwaka, na usiwahi kumimina kitu kingine humo, hata maji.

Swali, kutoka Mikocheni: Kaka, mimi natumia langu kupeleka watoto shule Msasani na kurudi, kama kilomita tatu. Taa ya DPF imewaka mara mbili mwaka huu. Kosa langu ni nini?

Jibu: Dada, hujakosea kitu, umeuziwa gari lisilo la safari yako. Kilomita tatu injini haijapata joto, chujio litafika lini nyuzi 600? Ukiweza, libadilishe kwa CX-5 ya petroli ya 2.0. Kama unalipenda na hutaki kuliacha, vuta stiki kila Jumamosi, badilisha oili kila miezi mitatu bila kuangalia kilomita, na wiki ikiisha wapeleke watoto Bagamoyo kwa gari hili hili. Ukirudi, kabla hujazima, tazama kama saileni imepanda. Kama imepanda, zunguka hadi itulie.