Usingoje Joto: Jinsi ya Kuyapokea Majira ya Kuchipua Ujerumani

Mwaka wangu wa kwanza Ujerumani nilikaa ndani hadi Mei. Nilikuwa nangoja joto. Kila nikichungulia dirishani mwezi wa Machi niliona watu wamekaa kwenye mabenchi na makoti yao mazito, wamefumba macho, nyuso wamezielekeza juani, nami nikajisemea kwamba hawa wenzetu wamezaliwa na baridi, mimi siwezi. Nilipotoka hatimaye, wiki tamu kuliko zote zilikuwa zimekwisha kupita. Tangu hapo kila ndugu anayefika mpya namwambia jambo moja: majira haya huanza na mwanga, joto hufuata nyuma sana. Ukilingoja joto, utayakosa.

Na mwanga wenyewe huja kwa kasi. Berlin, katikati ya Desemba, mwanga wa siku haudumu zaidi ya muda wa saa 8. Mwisho wa Machi unapata zaidi ya saa 12 na nusu. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima, mwili hauna mazoea na mabadiliko ya namna hiyo. Ndiyo maana wengi tunafika Februari tumechoka bila kujua tunaumwa nini. Taasisi ya Robert Koch, ile ya serikali inayoshughulikia afya ya umma, inaeleza kwamba Ujerumani, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua halina nguvu ya kutosha kuuwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Ngozi nyeusi nayo huhitaji jua la muda mrefu zaidi kufanya kazi hiyo. Ukihisi uchovu usioeleweka, mweleze daktari wako wa familia, umuulize kuhusu kipimo cha damu. Kisha anza kutoka, hata kama ni nusu saa mchana wakati wa mapumziko ya kazi.

Dalili ziko kwenye miti

Mkulima wa kwetu hasemi masika yameingia kwa sababu kalenda imesema. Anatazama mawingu, anatazama kumbikumbi. Wajerumani nao wana hesabu yao, na idara yao ya hali ya hewa huifuata rasmi. Mhazeli ukining'iniza vishada vyake vya manjano, pengine theluji ingali chini, hiyo ni Vorfrühling, utangulizi wa majira. Kichaka cha forsythia kikigeuka manjano tupu kabla hata ya kutoa majani, ni Erstfrühling. Mtofaa ukichanua, majira yamekolea. Jifunze kuitambua hiyo mimea mitatu mtaani kwako na hutahitaji kumuuliza mtu.

Ukiwa na nafasi ya kusafiri, Machi nenda Husum, kaskazini, uone bustani ya kasri ilivyofunikwa na maua ya krokasi ya zambarau. Aprili nenda Bonn, mitaa ya mji wa kale, ambako micheri ya Kijapani hukutana juu ya barabara na kufanya dari la waridi. Nenda asubuhi siku ya kazi, maana mwishoni mwa wiki hupati pa kukanyaga.

Mboga zinazoota zenyewe

Hapa ndipo roho yangu ilipo. Mtu aliyekula mnavu na mgagani baada ya mvua za kwanza anaijua raha ya mboga ambayo hakuna aliyeipanda. Ujerumani nayo inazo, ila ni za wiki chache tu.

Ya kwanza ni Bärlauch, kitunguu saumu mwitu. Huota chini ya miti yenye kivuli kuanzia Machi, na mahali kama msitu wa bondeni Leipzig unainusa kabla hujaiona. Katakata majani yawe membamba, kama unavyokata mchicha, uyatie mwishoni kabisa, sufuria ikiwa inaepuliwa, kwa sababu moto mwingi huua ladha yake. Kwenye maharage ya nazi inapendeza. Mimi huikanda ndani ya unga wa chapati, na wageni wangu huuliza nimefanya nini.

Lakini nakuomba usikie vizuri: kuna mimea miwili ya sumu inayofanana nayo, Maiglöckchen na Herbstzeitlose, na watu wamekufa kwa kuichanganya. Kila jani la Bärlauch huota na kikonyo chake lenyewe, na upande wa chini halina mng'ao. Maiglöckchen hutoa kwa kawaida majani mawili kwenye shina moja, yanang'aa upande wa chini. Herbstzeitlose ina majani magumu yasiyo na kikonyo. Usitegemee harufu, maana ukishachuma machache vidole vyako vinanuka kila unachoshika. Mwaka wa kwanza nunua sokoni, ukae nayo jikoni, uishike, uizoee. Mwaka wa pili nenda na mtu anayeijua.

Ya pili ni Brennnessel, ule mmea unaowasha ambao Wakikuyu wanauita thabai na kuuponda kwenye mukimo. Vaa glavu, chuma vile vichomozo vya juu vikiwa bado vichanga, vichemshe dakika moja na muwasho wote unakwisha. Baada ya hapo pika kama mchicha, kwa karanga au tui. Maji yake ya kuchemshia usimwage, kamulia limau unywe.

Sheria inaruhusu kuchuma kiasi kidogo cha matumizi yako mwenyewe, Wajerumani husema kadiri ya shada linalojaa mkono. Ndani ya hifadhi, penye kibao chenye neno Naturschutzgebiet, usiguse. Chochote ulichochuma kioshe vizuri.

Aprili sokoni inaingia Rhabarber, mabua mekundu yenye uchachu unaonikumbusha ukwaju. Majani yake ni sumu, tumia bua tu. Katakata, chemsha na sukari na tangawizi, chuja, weka kwenye friji: ndiyo juisi yangu ya Pasaka. Wakati huohuo huanza Spargel, asparaga nyeupe, ambayo kwa desturi huacha kuvunwa tarehe 24 Juni. Mwanzoni bei yake ni kubwa mno. Subiri Mei.

Ukitoka nje

Vaa nguo za kuvua moja moja, kwa sababu penye jua utatoka jasho na ukiingia kivulini utatetemeka. Beba chupa ya chai. Chai ya tangawizi kwenye benchi lenye jua, nyuzi 9, huo ndio mlo kamili.

Kupe huamka joto likifika kama nyuzi 7 au 8. Ukitoka majanini jikague, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kichwani kwa watoto. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano chembamba karibu na ngozi, bila mafuta wala gundi. Kuna chanjo ya FSME, ugonjwa wa ubongo unaoenezwa na kupe, na wakazi wa maeneo ya hatari, kama sehemu kubwa ya Bavaria na Baden-Württemberg, hulipiwa na bima ya afya. Ugonjwa wa pili, borelia, hauna chanjo ya kukupa, na ile duara nyekundu ambayo madaktari huitafuta haionekani kirahisi kwenye ngozi nyeusi. Andika tarehe uliyoumwa na kupe na mahali ulipokuwa, uende nayo kwa daktari ukiona homa au ngozi ikibadilika.

Mafua yanayorudi kila Aprili, na macho yanayowasha, huenda si mafua. Chavua ya miti ya birch huwapata wengi wetu baada ya miaka kadhaa huku, hata aliyekuwa hana mzio wowote nyumbani. Kapime.

Nyama choma bustanini ni mahali paliporuhusiwa tu. Soma kibao kwanza.

Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele: saa 8 usiku hugeuka saa 9. Tofauti yetu na Nairobi na Dar es Salaam hutoka saa mbili ikawa moja, kwa hiyo ukimpigia mama saa uliyozoea kupiga jioni, utamkuta bado yuko jikoni.

Na mbegu: sukuma wiki panda Machi kwenye vikopo dirishani, inavumilia baridi na Aprili unaweza kuitoa nje. Mchicha usiutoe kabla ya katikati ya Mei. Tarehe 11 hadi 15 Mei wakulima wa huku huziita siku za Watakatifu wa Barafu, na umande ulioganda usiku mmoja unatosha kuilaza bustani nzima.